Stendi, Kaka, Stendi!

Jumapili usiku, Mabibo.

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi. Si unajua tena test zikianza kufuatana, halafu uongeze na zile kazi za makundi ambazo wanaandikwa watu sita ila anayefanya ni mmoja... basi tuyaache hayo, kila mtu na Mungu wake. Leo nina jambo linanikereketa tangu Ijumaa, naomba mnivumilie maana litakuwa refu kidogo. Mwenye chai ajisogezee.

Ijumaa mchana tulikuwa kantini tunakula wali maharage (mwisho wa mwezi jamani, nani ana hela ya kuku?), tukajikuta kwenye mada ya bodaboda. Dada mmoja tunayesoma naye akasema, "Wale ni genge. Ukimgusa mmoja umewagusa wote. Hawana utu hata chembe." Mshkaji wangu mmoja akadakia hapo hapo, "We dada vipi? Wale ndo watu pekee waliobaki na upendo hapa Dar. Mtu akigongwa sisi tunatoa simu tupige picha, wao wanatoa pikipiki wambebe." Ubishi ukawa mkali mpaka wali ukapoa. Mimi nikanyamaza, na wanaonijua wanajua hiyo si tabia yangu. Nilinyamaza kwa sababu naona wote wawili wanasema kweli, na kwa sababu nina kisa changu ambacho sijawahi kumsimulia mtu hapa chuo. Nitakifikia, msiwe na haraka.

Jana nikaenda nyumbani Buguruni kusalimia, na leo jioni nikawa narudi. Wasiokujua kwetu niwape picha kidogo. Pale taa za Buguruni ndipo Barabara ya Uhuru inapokatana na Barabara ya Mandela. Huku daladala za kutoka Kariakoo, huku malori ya kontena yanakwenda bandarini, katikati watu wa miguu wenye ndoo za matunda, na pembeni kila kona kuna kijiwe cha bodaboda. Nimesimama nasubiri usafiri, akapita kijana na pikipiki, ana haraka zake, stendi haijapandishwa. Mara nikasikia sauti zaidi ya tano kwa pamoja: "Stendi! Kaka, stendi!" Kapiga kelele muuza maji, kapiga konda aliyening'inia mlangoni, kapiga mama wa mihogo bila hata kuinua macho kwenye karai lake, na bodaboda aliyekuwa nyuma yake akampigia honi huku anaonyesha kwa kidole chini. Yule kijana akaipiga stendi kwa kisigino, ikapanda, akanyoosha dole gumba juu bila kugeuka. Huyoo akapotea.

Kwa msioendesha, stendi ile ya pembeni iko upande wa kushoto. Ukiisahau chini ukaja kukata kona ya kushoto, pikipiki inalala upande huo, chuma kinagonga lami, na wewe unarushwa. Kitu kidogo kabisa, ila kinaua. Na Dar nzima watu wanalijua hilo, hata ambao hawajawahi kushika usukani wa pikipiki. Ni kama dera. Dada kapanda bodaboda, dera linapepea karibu na tairi la nyuma, utasikia mtaa mzima "Dada, dera! Dera linaingia kwenye tairi!" Au ile ya kufumba na kufumbua vidole kumwonyesha mwenzio kwamba taa yake inawaka mchana. Hakuna anayeuliza wewe ni wa kijiwe gani, kabila gani, Simba au Yanga. Kuna hatari, wewe huioni, mimi naiona, nakwambia. Mchezo umeisha.

Nasikia kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani waendesha pikipiki wakikutana barabarani wanapungiana, mmoja anashusha mkono wa kushoto kidogo na mwingine anajibu. Ni ustaarabu mzuri. Ila ukijaribu Buguruni kumpungia kila mwenye pikipiki, utachoka mkono kabla hujafika Malapa, na kuna atakayedhani unaita usafiri. Sisi salamu yetu ndo hiyo: stendi, dera, taa.

Sasa tuje kwangu. Kuna marafiki zangu hapa hawajui kwamba likizo ndefu baada ya mwaka wa kwanza mimi niliendesha bodaboda. Mfuko ulikuwa umekauka, nyumbani mambo si mambo, na leseni ya daraja A nilikuwa nayo tangu nilipomaliza kidato cha sita. Nikawa deiwaka kwenye kijiwe kimoja cha kwetu Buguruni. Deiwaka ni yule ambaye hana pikipiki yake na wala hajakabidhiwa na bosi. Anasubiri mwenye nayo achoke, augue au aende msibani, ndipo anaishika kwa masaa machache. Ile niliyoshika mimi hesabu yake ilikuwa elfu nane kwa siku. Hiyo ni ya bosi, iwe mvua, iwe jua, uwe umepata abiria, uwe hujapata. Mafuta juu yako, pancha juu yako, ukikamatwa juu yako. Kinachobaki ndo mnagawana na aliyekuachia.

Wiki ya pili tu nikapata somo. Ilikuwa kama saa tano usiku, nimemshusha abiria Tabata, narudi zangu Buguruni kwa Barabara ya Mandela, mafuta yakakata. Nikashuka nikaanza kukokota. Malori yananipita karibu mpaka shati linapepea. Nikasikia pikipiki inapunguza mwendo pembeni yangu. Nikajua leo naibiwa, kazi imeisha. Jamaa akauliza neno moja tu, "Mafuta?" Nikajibu, "Mafuta." Akasema, "Panda, toa gia, shika usukani vizuri." Akaweka mguu wake wa kushoto kwenye kikanyagio cha nyuma cha pikipiki yangu, akavuta mafuta yake, tukaenda hivyo hivyo mbili kwa mpigo, mmoja anamsukuma mwenzie kwa mguu, hadi sheli. Nikatoa elfu moja. Akacheka. "Weka, na wewe utamsukuma mwingine." Sura yake sikuiona, helmeti hakuvua. Nikimkuta leo simjui.

Tangu siku hiyo na mimi nimesukuma. Sijui wangapi. Hakuna aliyenifundisha, nililipa tu deni kwa watu wengine.

Na pale kijiweni kulikuwa na daftari. Daftari la kawaida la shule, kurasa tisini na sita, limekunjwa pembe. Kila mtu mia tano kwa siku. Akifiwa mtu, daftari linafunguliwa. Mke akijifungua, linafunguliwa. Pikipiki ikiibwa (na hili ndo balaa kubwa kuliko yote, maana unabaki huna kazi na bado unadaiwa), linafunguliwa, na watu wanaingia barabarani usiku ule ule kuitafuta mpaka huko Pugu.

Nilipoanza kusoma vitu vya sosholojia nikaja kugundua kwamba hili halikuanza na sisi. Neno lenyewe boda boda inasimuliwa lilitoka mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, enzi za baiskeli za kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kwetu pikipiki za abiria zilipata kanuni zake za leseni mwaka 2010, chini ya SUMATRA, ambayo tangu 2019 nafasi yake imechukuliwa na LATRA. Kwa hiyo kazi ni changa. Ila umoja wa namna ile ni mkongwe. Nenda maktaba ukaombe kitabu cha J.A.K. Leslie, A Survey of Dar es Salaam, cha mwaka 1963, utafiti wake aliufanya miaka ya 1950 na Buguruni yetu imo. Utakuta watu wanaingia mjini bila kitu, tegemeo lao ni ndugu na watu wa kwao. Na kabla ya hapo kulikuwa na utani, ule wa makabila yaliyokutana kwenye misafara na vitani, ambapo mtani wako atakutukana mchana kutwa halafu ukifa yeye ndiye anayesimamia mazishi yako. Mtu wa mbali na kwao lazima awe na wa kumzika.

Halafu Matteo Rizzo kwenye kitabu chake Taken for a Ride cha mwaka 2017 ameandika kuhusu wafanyakazi wa daladala wa hapa hapa Dar: wengi hawana mkataba wa maandishi, mwenye gari anataka kiasi chake kila siku, kinachobaki ndo chao. Nilipokisoma nilicheka peke yangu. Badilisha gari weka pikipiki, ni hesabu yangu ya elfu nane ile ile. Mtu wa namna hiyo akivunjika mguu hana mwajiri wa kumlipa, hana likizo ya ugonjwa, hana chochote zaidi ya wenzake. Daftari lile ndiyo bima yake.

Kuna wasomi watasema basi huo si wema, ni biashara tu ya leo kwako kesho kwangu. Mimi sikubali. Yule jamaa wa Barabara ya Mandela alikuwa hanijui na alijua hatanijua. Kwamba wema una faida hakuufanyi usiwe wema. Mama zetu wanachangiana kwenye vikoba na misiba na hakuna anayethubutu kusema hawapendani.

Kwa hiyo ningeishia hapa, ningekuwa nimemuunga mkono mshkaji wangu wa kantini na mada imefungwa. Ila sasa nije kwenye kile kisa.

Ilikuwa kama saa moja jioni, giza linaingia, mwezi wangu wa pili kijiweni. Mimi na mwenzetu mmoja (jina kapuni) tulikuwa tunarudi kijiweni, yeye mbele mimi nyuma, kama hatua thelathini hivi. Kufika kwenye taa, zikawa nyekundu. Mimi nikaanza kukanyaga breki. Yeye hakukanyaga. Akapita. Gari dogo la kijivu lililokuwa limeruhusiwa upande wake likamkumba ubavuni. Sitaki kueleza mlio wake.

Ndani ya dakika mbili, sitii chumvi, walikuwa wamefika bodaboda kama thelathini. Hapa ndipo uone kitu cha ajabu. Wale thelathini wakagawanyika bila mtu kuwagawa. Nusu wakamwendea mwenzetu, wakamfunga mguu kwa shati, wakasimamisha bajaji, wakambeba. Kwa upole, wadau, kama wanabeba yai. Nusu nyingine wakalizunguka lile gari. Na mimi nilikuwa kwenye nusu hiyo ya pili.

Dereva alikuwa mzee, ana miwani, mikono inamtetemeka kwenye usukani. Anajaribu kusema kitu, hasikiki. Watu wanapiga boneti, wanavuta mlango, "Shuka! Shuka! Unaua watoto wa watu!" Mimi niliinua helmeti yangu nikaipiga kwenye kioo cha mbele. Kikapasuka kama utando wa buibui. Ndipo nikamwona mtoto wa kike kwenye kiti cha nyuma, ana sare ya shule ya msingi, ameziba masikio, analia bila sauti kutoka.

Nilimwona. Na bado nikainua helmeti mara ya pili.

Aliyetuzuia ni mwenyekiti wa kijiwe, mtu mzima kidogo, miaka kama hamsini, tunamwita baba. Alikuja taratibu, akaiingiza pikipiki yake kati yetu na mlango wa dereva, akaweka stendi, akakaa juu yake ametupa mgongo kwenye kioo cha yule mzee. Hakupiga kelele. Akauliza, "Mwenzenu anapelekwa hospitali, nani ana elfu kumi?" Kimya. Akarudia, "Nauliza nani ana elfu kumi? Mnavunja vioo, hospitali wanapokea vioo?" Mtu mmoja akatoa elfu mbili. Mwingine akatoa tano. Mikono iliyokuwa inavuta mlango ikaanza kuingia mifukoni. Mpaka leo nikikumbuka nasisimkwa. Angesema "acheni fujo" tungempita, lakini yeye aliomba mchango.

Ingekuwa imeishia hapo ningekuwa nimeshawasimulia zamani. Tatizo ni kilichofuata. Trafiki alikuja, akauliza nani ameona ilivyotokea. Niliyeona vizuri kuliko wote ni mimi. Wenzangu wakanitazama. Nikasema, "Afande, mimi nilikuwa nyuma, sikuona taa." Wengine watatu ambao hata hawakuwepo wakasema wameona, gari ndilo lililopita kwenye nyekundu. Ikaandikwa hivyo. PF3 ikatoka, matibabu yakaanza, na yule mzee ndiye aliyebeba gharama za hospitali na za pikipiki. Nilimwona siku chache baadaye amekuja kijiweni kukabidhi fedha, ametembea kwa miguu. Alinisalimia, "Habari kijana." Nikaitikia, "Shikamoo." Basi. Hayo ndo mazungumzo yetu yote. Namba yake sina, jina lake sikumbuki, gari lake nimelitafuta kwa macho barabarani miaka miwili sasa.

Kijiweni siku ile nilipigwa mabegani, "Deiwaka ni mwenzetu kweli." Nilijisikia fahari. Hiyo ndiyo sehemu inayonikera kuliko zote.

Msidhani haya ni ya Buguruni tu. Machi 2022 kule Nairobi, kwenye Barabara ya Profesa Wangari Maathai (zamani Forest Road), waendesha bodaboda walimzunguka mwanamke mmoja kwenye gari lake ikidaiwa amesababisha ajali, wakamdhalilisha, na video ikasambaa dunia nzima. Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, akaagiza msako. Wengi walioiona video ile walisema "wale si watu, ni wanyama". Mimi niliitazama mara moja nikazima simu. Niliwafahamu. Sina maana ya kwamba nawajua majina. Nilijua kwamba baadhi yao jana yake walikuwa wamemsukuma mtu kwa mguu hadi sheli bila kuchukua senti.

Sasa maoni yangu ndo haya, na mnaruhusiwa kunipinga.

Tunakosea tunapouliza kama bodaboda wana upendo au hawana. Wanao, tena kuliko wengi wetu tunaopishana kwenye korido za hosteli muhula mzima bila salamu. Swali ni upendo wenyewe unafanya nini mwenzio akikosea. Angalieni ile "Stendi!" ya leo jioni. Ni nini ile? Ni kumwambia mtu, mbele ya watu, kwa sauti, kwamba umekosea. Umesahau. Rekebisha. Na hakuna anayekasirika! Hakuna anayesema "unanidhalilisha" wala "wewe si mwenzetu". Ananyoosha dole gumba, anashukuru. Huo ndo urafiki wa barabarani ninaoupenda, unaokusahihisha kabla hujafa.

Sasa linganisha na ile nyingine ya kuwashiana taa kwamba mbele kuna trafiki. Ile nayo tunaiita wema, na mimi nimeifanya mara nyingi, sijitoi. Lakini ukiwashiwa taa unafanya nini? Aliyepakia mishikaki anashusha mmoja atembee, akishavuka trafiki anampandisha tena. Aliyeibeba helmeti mkononi kama kikapu anaivaa kwa mita mia mbili, halafu anaivua. Kosa limefichwa, halijarekebishwa. Na takwimu za helmeti si za kubishana: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia kama 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Kwa hiyo nikikuwashia taa ili usikamatwe bila helmeti, nimekuokoa na faini, kichwa chako nimekiacha kama nilivyokikuta.

Uongo wangu kwa trafiki ulikuwa wa aina hii ya pili. Nilidhani namlinda mwenzetu. Nilichomlinda nacho ni kusikia neno "ulikosea". Alipona mguu, alhamdulillahi, anachechemea kidogo. Lakini nawaambia ukweli, alirudi barabarani na taa nyekundu anazipita vile vile, maana kwa mujibu wa karatasi za polisi na kwa mujibu wa kijiwe kizima, yeye hajawahi kupita nyekundu. Sisi tulimthibitishia hivyo. Marafiki zake thelathini, na hakuna hata mmoja aliyempigia kelele "stendi".

Kabla hamjawanyooshea vidole bodaboda, tujitazame na sisi wasomi. Si mnakumbuka yule mwizi wa laptop aliyekamatwa hosteli moja, tulivyotoka vyumbani? Wakiwemo watu wanaosoma sheria. Na mwenzetu akikamatwa na karatasi kwenye chumba cha mtihani, nani kati yetu anamwambia "umekosea"? Tunamwambia pole. Tunatafuta nani kamchoma. Kijiwe ni kijiwe, hata kiwe na viyoyozi.

Kwa hiyo dada wa kantini, una haki, genge lipo, mimi nilikuwemo. Na wewe mshkaji una haki, upendo upo, mimi nimeula. Ila nisingependa tuwapende bodaboda kwa namna ya kuwasifia tu, wala tuwachukie kwa jumla. Ukipanda, omba helmeti, hata kama inanuka (beba kitambaa). Akitaka kupita nyekundu, mguse bega umwambie "kaka, tusubiri", hata kama umechelewa test. Akikataa mshikaki wa tatu usimbembeleze kwa mia tano ya ziada. Na mwenzio akianguka, awe na pikipiki au na gari, mbebe kwanza. Mengine baadaye.

Mimi leo jioni, kabla sijapanda gari, nilipita kijiweni. Baba mwenyekiti yupo bado, amezeeka kidogo. Na yule mwenzetu anayechechemea alikuwepo, anakula karanga. Nilimwita pembeni nikamwambia kile ambacho sikusema siku ile: "Bro, taa ilikuwa nyekundu. Niliona." Alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza, "Kwa hiyo na mzee wa watu tulimuonea?" Nikasema ndiyo. Akatema ganda la karanga. Hakunyoosha dole gumba. Akapanda pikipiki yake akaondoka, sijui amekasirika au vipi.

Ila alipofika pale taa alisimama. Pengine ni kwa sababu zilikuwa nyekundu na lori lilikuwa linapita. Nilisimama nikamwangalia mpaka zikawa kijani.

Nalala sasa, kesho kipindi saa moja asubuhi. Kama kuna mtu anamfahamu mzee mmoja mwenye miwani aliyewahi kuwa na gari dogo la kijivu, kioo cha mbele kilipasuliwa jioni moja Buguruni akiwa na mjukuu wake, naomba mumwambie kuna kijana anamtafuta. Nina deni lake.

Tuko pamoja.